Perry Barr: Nyumba zimejengwa, wakazi je?

Wasomaji wetu wengi wa Afrika Mashariki wameliona eneo la Perry Barr kwenye televisheni bila kulijua jina lake. Huko, kaskazini mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, ndiko uliko uwanja wa Alexander, ambako Agosti 3, 2022 Mkenya Ferdinand Omanyala alishinda mbio za mita 100 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02.

Si mbali na uwanja huo kuna maghorofa mapya yaliyojengwa kwenye eneo la zamani la chuo kikuu cha Birmingham City. Mpango ulikuwa mzuri: kijiji cha wanamichezo na maofisa wapatao 6,500, na baada ya michezo kigeuzwe makazi ya wananchi. Hata hivyo, kutokana na ucheleweshaji ulioletwa na Corona, Agosti 2020 ilitangazwa kuwa wanamichezo wangelala kwingine, hasa katika vyuo vikuu. Hakuna mwanamichezo hata mmoja aliyelala kijijini hapo.

Kwa upande wa usafiri, kazi iliyofanyika inaonekana. Kituo cha treni kilijengwa upya na kufunguliwa Mei 2022. Njia maalumu za mabasi ziliwekwa kwenye barabara ya A34. Aidha, mwaka 2021 daraja la juu la magari lilibomolewa ili kutoa nafasi kwa mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu, ingawa wakazi wengi walipinga wakihofia foleni. Inafaa kukumbuka kuwa mwaka uliofuata Nairobi ilifungua barabara yake ya juu ya kulipia, kwa ajili ya wenye magari. Miji miwili, njia mbili tofauti.

Tatizo lilikuwa nyumba zenyewe. Nyingi kati ya hizo karibu 1,000 za awamu ya kwanza zilikaa tupu muda mrefu baada ya michezo kumalizika, katika jiji ambalo maelfu ya familia zinasubiri makazi ya halmashauri. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham, ikiwa na mzigo wa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake na matatizo mengine, ilitangaza kuwa haiwezi kumudu matumizi yake. Baadaye iliidhinisha kuuza mamia ya nyumba hizo kwa hasara, na anayebeba hasara hiyo ni mlipa kodi.

Yasije yakachekwa ya Birmingham tu. Kigamboni, Dar es Salaam, mradi wa Dege wa NSSF ulikusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, lakini ujenzi ulisimama mwaka 2016 na majengo yakabaki matupu kwa miaka mingi, ilhali wananchi wakihangaika na kodi za vyumba Mbagala na Temeke.

Kwa maoni yetu, kosa ni lile lile: tarehe ya sherehe au ukubwa wa mradi hutangulia, na mkazi hufikiriwa mwisho. Kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, wapangaji wa miji waulizwe maswali matatu: nani ataishi humu, atalipa kiasi gani, na atafikaje kazini? Perry Barr ililijibu vizuri la tatu. Mawili ya kwanza ndiyo yaliyoigharimu.