Chumba Kimoja Kwanza: Hesabu ya Apu ya Masomo

Mwalimu alinitolea karatasi tatu zilizobanwa kwa stepla. Tulikuwa tumekaa katika kibanda cha chai na chapati karibu na Kayole Junction, Nairobi, hatua chache kutoka foleni ya matatu za laini ya 1960, na kila mara ilibidi tungoje makanga anyamaze ndipo tusikilizane. Karatasi zile zilikuwa makadirio ya bei kutoka kampuni moja ya kutengeneza programu za simu: apu ya Hisabati ya Gredi ya 6, yenye video, maswali, darasa la moja kwa moja, gumzo la wazazi na cheti cha kumaliza. Jumla, shilingi 850,000. Chama chake na walimu wenzake kilikuwa na akiba ya 900,000.

"Injinia, si tumefika?" akauliza. "Tena inabaki ya soda."

"Mwalimu, hapa umelipia paa," nikamjibu. "Nyumba bado."

Kazi yangu ni kupanga miradi ya programu, na karatasi za namna hiyo nimeziona nyingi. Mara nyingi bei yenyewe ni ya haki. Ila hesabu yake huishia siku apu inapozinduliwa, na gharama kubwa ya apu ya masomo huanza kesho yake: masomo mapya, seva ya kila mwezi, mtu wa kupokea simu ya mzazi aliyelipa na bado amefungiwa nje.

Somo la Dandora

Anayetaka kuelewa bajeti ya apu avuke tu aende kwa majirani zetu Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili mpango wa Baraza la Jiji la Nairobi wa kugawa viwanja takriban 6,000. Aliyepata kiwanja hakukabidhiwa nyumba iliyokamilika. Alikuta choo, bafu, maji na mfereji wa majitaka, na baadhi ya viwanja vilikuwa na chumba kimoja. Yaliyobaki aliachiwa ajijengee kadiri mfuko wake ulivyoruhusu. Wengi walijenga chumba, wakakipangisha, na kodi ikanunua mawe ya chumba kilichofuata. Watu wa Eastlands tumekulia katika ploti za hesabu hiyo. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye simu tunaisahau, tunataka ghorofa siku ya kwanza.

Choo na bomba la apu ya masomo ni mambo manne: mtoto mwenye shida inayojulikana, somo linaloitatua, swali la kupima kama ameelewa, na mzazi aliye tayari kulipa. Mambo hayo yakisimama, una ploti. Gumzo na cheti ni roshani. Roshani haimkingi mtu mvua.

Jaribu kabla ya kuchimba msingi

Nilimwomba Mwalimu asilipe mtu yeyote kwa wiki sita. Badala yake achukue mada moja inayowasumbua watoto, sehemu na desimali, arekodi maelezo kwa sauti, apige picha za ubao, awatumie wazazi wa darasa moja kwa WhatsApp, kisha apokee majibu na kuyasahihisha kwa mkono. Gharama yake ni bando, karatasi na jioni zake.

Alirudi na daftari lililojaa. Watoto wengi hawakuwa na simu yao. Simu ilikuwa ya mama, na mama hurudi kutoka kazini Industrial Area saa moja jioni. Mtoto huipata kati ya saa mbili na saa tatu, mama akiwa jikoni, na simu yenyewe imebaki na moto kidogo. Kuna waliosema simu imejaa picha, haina nafasi ya apu yoyote. Kuna waliokuwa na kabambe tu, simu ya vitufe, hawakuweza kusikiliza chochote, lakini waliuliza kama maswali yanaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi.

Daftari hilo peke yake liliondoa darasa la moja kwa moja kwenye mpango. Suala la video tulilimaliza kwa hesabu. Video ya dakika 10, hata ukiibana mpaka kilobiti 500 kwa sekunde, hula megabaiti 37.5. Sauti ya dakika hizo hizo, kwa kilobiti 32, hula megabaiti 2.4, na picha za ubao zilizopunguzwa vizuri hazifiki megabaiti moja. Mtoto akisoma masomo 20 kwa mwezi, video itamla mzazi megabaiti 750 wakati sauti itamla 48. Mzazi anayenunua bando ya saa moja ataona tofauti hiyo kabla yako, naye hatakupigia simu kukueleza. Ataifuta tu apu.

Hata njia ya ujumbe mfupi ina waliotutangulia. Eneza Education ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikapeleka maswali na maelezo kwa ujumbe mfupi, na kupitia huduma ya Shupavu 291 iliyoendeshwa pamoja na Safaricom ikawafikia watoto ambao hawakuwa na simu ya kisasa. Shule zilipofungwa Machi 2020, mwenye kabambe alikuwa na mahali pa kuanzia.

Kugawa 900,000

Tulipokaa tena tuligeuza karatasi za kampuni na kuandika upya nyuma yake. Takwimu hizi ni za mradi huu mmoja. Wako utakuwa na zake. La kuangalia ni uwiano.

- Jaribio la wiki sita: 40,000
- Masomo 60 ya muhula mmoja: 180,000
- Msanidi programu: 280,000
- Seva, jina la tovuti na nakala za akiba, mwaka mzima: 96,000
- Mtu wa kuhudumia wazazi, mwaka mzima: 120,000
- Usajili, mikataba na kuunganisha malipo: 49,000
- Akiba ya dharura: 135,000

Msanidi, ambaye kwenye karatasi ya kwanza alimeza karibu kila kitu, sasa anapata chini ya theluthi. Hatukumpunja. Tulimpunguzia kazi, ikabaki sauti, picha, maswali, malipo na taarifa kwa mzazi, basi.

Mstari wa masomo ndio hudharauliwa zaidi, kwa kuwa walimu hudhani kazi yao wenyewe ni ya bure. Tulihesabu kila somo kwa shilingi 3,000: 1,500 za anayeandika, 500 za anayehariri na kuhakiki majibu, na 1,000 za kurekodi na kuchora. Mwalimu asipolipwa huandika masomo kumi ya kwanza kwa moyo, na la kumi na moja linangoja likizo.

Akiba ni asilimia 15 ya fedha zote, na haiguswi kwa mapambo. Inangoja mambo ambayo tayari tumeyaona. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo huo ikarudi hadi kama 130. Seva ya dola 40 kwa mwezi ilimgharimu mtu shilingi 6,400, kisha 5,200, na hakuongeza mwanafunzi hata mmoja. Unapokea shilingi, unalipa dola. Pengo hilo liwekee mto.

Kuna pia mtaala. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na ghala zima la maswali ya darasa la nane likageuka kumbukumbu. Hata ndani ya mtaala mpya mambo hayakutulia: masomo ya sekondari ya chini yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9. Kwa hiyo usifungie somo ndani ya apu kwa namna ambayo kubadilisha swali moja kunahitaji fundi. Mwalimu aweze kuingia mwenyewe na kulirekebisha. Anayetaka shule zitumie nyenzo zake aanze mapema pia kuulizia idhini ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala; idhini hiyo ina ada na muda wake.

Fundi hulipwa ukuta ukisimama

Hakuna mtu wa Kayole anayempa fundi wa mawe pesa zote kabla ya msingi. Msanidi naye alipwe hivyo hivyo. Tulikata zile 280,000 kwa mafungu manne ya 70,000. La kwanza ni baada ya michoro ya kurasa zote kukubaliwa. La pili, somo moja likifunguka kwenye simu ya bei nafuu iliyozimwa data. La tatu, mzazi akilipa kwa M-Pesa na mlango ukafunguka wenyewe. La nne, mwezi mmoja ukipita bila tatizo kubwa.

Mkataba useme wazi kwamba msimbo wote ni mali ya chama. Akaunti ya Google Play ifunguliwe kwa jina la chama. Ni dola 25 mara moja tu. Ile ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa wazazi wa daftari lile inaweza kungoja. Nimeona watu wakigombana na fundi, kisha wakagundua kwamba funguo za nyumba zote anazo yeye.

Kisha kuna majina ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Si sheria ya kabatini: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Faini hiyo ni mara tano ya bajeti yetu nzima. Kwa hiyo apu hii inachukua jina la kwanza, gredi na namba ya mzazi. Haina haja ya picha ya mtoto, na usichokuwa nacho hakiwezi kukuvujia.

Wazazi wangapi wanaibeba?

Hili ndilo swali lililomnyamazisha Mwalimu. Seva ni 8,000 kwa mwezi na mhudumu ni 10,000, jumla 18,000. Mzazi akilipa shilingi 50 kwa mwezi, toa ada ya malipo na ujumbe wa taarifa wa kila wiki, tuseme inabaki 45. Gawanya 18,000 kwa 45: wazazi 400. Hao wanawasha taa tu.

Watoto hawakai mahali pamoja. Muhula ujao unataka masomo mengine 60, yaani 180,000, na ukizigawa kwa miezi minne ni 45,000 kwa mwezi. Ongeza kwenye zile 18,000, upate 63,000. Gawanya tena kwa 45: wazazi 1,400.

"Gredi nzima ya sita ya shule yetu haifiki mia," akasema polepole.

Hapo kuna njia tatu. Unaweza kupandisha bei, na Kayole haitakusamehe. Unaweza kuandika polepole, mada chache kwa muhula. Au unaweza kutafuta mlipaji mwingine, hasa shule. Zeraki, kampuni ya papa hapa Nairobi, ilianza 2014 na masomo ya video, lakini kilichoiingiza katika shule nyingi za sekondari ni uchambuzi wa matokeo ya mitihani, kazi iliyokuwa ikiwakesha walimu. Mlipaji alikuwapo; waliingilia kwa mlango wa pili, yaani shida yake mwenyewe.

Anayedhani dawa ni mtaji mkubwa aitazame India. BYJU'S, kampuni ya apu ya masomo iliyoanzishwa 2011, ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022, ikanunua kampuni kushoto na kulia. Julai 2024 ikaingizwa katika mchakato wa ufilisi. Kujenga haraka kuliko mapato kunaangusha hata ghorofa ya bilioni.

Mwalimu alichagua polepole: mada tano tu kwa muhula, na ripoti ya darasa kwa shule za jirani kwa ada ya muhula. Kampuni ilikubali zile 280,000 baada ya kubishana kidogo. Masomo ya kwanza yalipofika kwa wazazi, mmoja alipiga simu siku iyo hiyo. Hakulalamikia bei wala apu. Alisema mtoto hasikii kitu kwenye desimali, honi ya matatu imemeza jibu.

Walirekodi upya Jumapili saa kumi na moja alfajiri, kabla ya makanga wa kwanza. Nilipoliona daftari, chini ya mstari wa akiba palikuwa na maandishi madogo ya wino mwekundu: kurekodi somo la 3 mara ya pili, 1,000. Baki, 134,000.