Vitunguu Viwili vya Soko la Mweiga

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu. Baridi ya Nyandarua imeshuka mapema leo. Nimetoka sokoni Mweiga na vitunguu viwili kikapuni. Shikeni hiki. Shingo yake bado ina unyevu, kwa sababu kimeng'olewa juzi tu hapa Kieni, Nyeri. Sasa shikeni hiki kingine. Maganda yamekauka, ukiyasugua yanachakarika, na shingo imefunga kabisa. Hiki ni cha Tanzania. Huko Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, watu hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Kutoka mpaka wa Namanga peke yake hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300.

Mtaniuliza: mbona kitunguu cha wenyewe kinauzwa kwetu, na sisi tunalima?

Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1967, Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Arusha. Reli ilikuwa yetu sote, bandari pia, hata ndege za East African Airways. Lakini majirani wakaanza kutazamana vibaya. Kenya ililaumiwa kwamba viwanda vimejaa kwake na faida inabaki kwake. Viongozi nao wakakosana. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Fikirini: miaka sita lango limefungwa, na ndugu wako ng'ambo.

Majirani wakajifunza. Tarehe 30 Novemba 1999 walitia saini mkataba mpya wa Jumuiya kulekule Arusha. Mwaka 2005 ukaanza umoja wa forodha. Uoneni kama ua mmoja wenye nyumba kadhaa. Kilichozalishwa ndani ya ua hupita kutoka nyumba hadi nyumba bila ushuru wa forodha, mradi kina cheti cha kuonyesha kimetoka wapi. Kinachotoka nje ya ua hutozwa ushuru uleule, kiingie kwa lango lolote. Leo Jumuiya hiyo ina nchi nane, hadi Kongo na Somalia.

Basi kitunguu hiki hakikuingia kwa wizi. Kimepita mlangoni, kama sabuni, dawa na vyuma vya Kenya vinavyopita kwenda Tanzania.

Je, kinatuumiza? Ndiyo, na sitawaficha. Vikija vingi wakati wa mavuno yetu, bei huanguka, na mkulima wa Kieni aliyelipia mbegu, mbolea na maji hulala na mawazo. Lakini mama mboga hushukuru shamba letu linapokuwa tupu na kitunguu bado kipo mezani.

Wapo wanaosema lango lifungwe. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, na siku chache baadaye mahindi yakaruhusiwa tena kwa masharti. Afya ya watu lazima ilindwe, lakini mpaka unaofungwa ghafla humwangusha mwenye lori na mwenye njaa pamoja.

Tazameni pia chai ya Othaya na Chinga. Inauzwa kwenye mnada wa Mombasa pamoja na chai ya Uganda na Rwanda. Wanunuzi wa dunia huja pale kwa sababu chai ya majirani wengi imekusanyika mahali pamoja. Ujirani huo unatulisha hapa Nyeri.

Ninachoomba ni haki pande zote mbili. Serikali zitimize ahadi zilizotiwa saini, nasi tumpe mkulima wetu nguvu ya kushindana: banda lenye kivuli na upepo la kukaushia vitunguu, na ghala, asilazimike kung'oa vibichi kwa sababu karo inadaiwa kesho.

Sasa wekeni vyote viwili pale dirishani, msivile. Kila asubuhi viguseni. Kitakacholainika kwanza kitawaonyesha kazi inayotungoja, na msimu ujao tutaianza pamoja, shambani kwetu.