Mboga za Kiangazi Katika Mashamba Madogo ya Kaskazini ya India

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu na daftari aviweke tayari, maana somo la leo lina hesabu ndani yake. Si hesabu ngumu. Ni kuhesabu siku tu. Lakini kwa mkulima ambaye nitawaeleza habari zake, kukosea hesabu hiyo kwa siku 20 ni kukosa mboga, kupoteza fedha za maji alizokwisha lipa, na kuingia katika msimu wa mvua mikono mitupu.

Mkulima huyo yuko mbali na sisi. Anakaa kaskazini ya India, katika nchi tambarare inayoanzia Punjab na Haryana, ikapita Delhi na Uttar Pradesh, ikafika Bihar. Lakini mboga zake hamtaziona ngeni: bamia, tango, mumunye, dodoki, karela, mchicha, kunde. Hata hilo jina karela limetoka huko huko. Tena shamba lake ni dogo. Katika hesabu ya mashamba iliyofanywa India mwaka 2015-16, kama mashamba 86 katika kila 100 yalikuwa chini ya hektari 2. Wengi wa wakulima hao hupima ardhi yao kwa bigha, na bigha ya wilaya hii si sawa na bigha ya wilaya ile. Kwa hiyo leo sitataja bigha tena, tusije tukachanganyikiwa.

Yafaa kwanza tuujue mwaka wao. Wakati wa baridi hupanda ngano, haradali na viazi ulaya. Haradali na viazi huondoka shambani Februari na Machi. Ngano hungoja mpaka Aprili. Wakati wa mvua hupanda mpunga na mahindi. Kati ya mavuno ya baridi na mvua pana miezi mitatu ya joto kali, na msimu huo mfupi wakulima huuita zaid. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno letu “zaidi”. Ni msimu wa nyongeza. Mwenye kuutumia amepata mavuno ya zaidi katika ardhi ile ile. Asiyeutumia, ardhi yake hulala na kupasuka kwa jua.

Mvua nayo huletwa na pepo mnazozifahamu. Ule upepo wa kusi unaopita pwani ya Afrika Mashariki huvuka bahari, ukageuka, ukaingia India kutoka kusini-magharibi umejaa maji. Delhi huipata mvua hiyo karibu na tarehe 27 Juni, ingawa mwaka na mwaka havifanani. Basi shikeni tarehe hiyo. Ndiyo mwisho wa kamba yetu.

Sasa kalamu. Tuseme mkulima amevuna ngano, amefunga miganda, na shamba limekuwa wazi tarehe 20 Aprili. Aprili imebakiwa na siku 10. Mei ina siku 31. Juni tunazihesabu 27. Jumlisheni: 68. Hizo ndizo siku zake zote.

Bamia huanza kuchumwa baada ya siku 45 hadi 50. Tukishika 48, bamia yake ya kwanza ataichuma tarehe 7 Juni, na kabla ya mvua atakuwa na siku 20 za kuchuma. Si nyingi, lakini zipo. Mumunye, maana yangu kibuyu kichanga kinachopikwa kabla hakijakomaa, huchukua siku 60 hivi. Kwa hiyo la kwanza litapatikana tarehe 19 Juni, na siku zilizobaki ni 8. Je, mtu alime, anunue mbegu, anyweshe shamba katika jua la Mei, ili achume siku 8? Hapana. Lakini jirani yake aliyeng'oa viazi mwezi wa Februari, akapanda mumunye tarehe 1 Machi, ataanza kuchuma mwisho wa Aprili, na ana siku karibu 60 za kupeleka sokoni. Mbegu ni ile ile na jua ni lile lile. Kilichowatofautisha ni tarehe.

Hii ndiyo sababu nasema mkulima wa huko asianze kwa kuuliza, “Mboga gani ina bei nzuri?” Aulize kwanza, “Shamba langu litakuwa wazi lini?” Kisha aulize, “Nina maji kiasi gani?” Soko liwe la tatu. Najua wafanyabiashara wa mbegu hawatapenda mpango huu.

Mtu wa ngano naye asikate tamaa, maana zipo njia za kuokoa siku. Njia moja ni kuotesha miche kabla shamba halijawa wazi. Huchukua vifuko vidogo vya plastiki, huvitoboa chini, huvijaza udongo na samadi iliyooza vizuri, na hutia mbegu za mumunye au tango tarehe 25 Machi, huku ngano ingali imesimama. Tarehe 20 Aprili kila mche una majani manne. Hapo huuhamisha jioni, akikata kifuko bila kuuvunja udongo, kwa maana mimea ya jamii hii haipendi kuguswa mizizi. Amepata siku 26 za bure. Mumunye la kwanza litapatikana mwisho wa Mei badala ya tarehe 19 Juni.

Njia nyingine ni kuachana na mboga zitambaazo na kuchagua za haraka. Mchicha uko tayari kwa wiki nne hivi. Choroko za aina fupi hukomaa kwa siku 60 hadi 65, huhitaji maji machache, na mizizi yake huurudishia udongo rutuba. Lakini hesabuni: 20 Aprili ukiongeza siku 65 ni 24 Juni. Zimebaki siku 3 tu kabla ya mvua, na choroko zilizonyeshewa zikiwa zimekauka mtini huoza au huchipua ndani ya maganda yake. Mwenye kuchelewa wiki moja asizipande kwa ajili ya nafaka.

Tuje kwenye maji. Mwezi wa Mei joto hufika digrii 40 na kupita, na kutoka magharibi huvuma upepo mkavu uitwao loo, ambao hukausha jani kama limepitishwa juu ya moto. Bamia wakati huo hutaka maji kila baada ya siku nne hadi sita. Mkulima mwenye kisima na mashine yake anaweza. Lakini wengi hukodi maji ya jirani kwa saa, na kila saa ina bei yake. Tena katika sehemu za Punjab na Haryana maji ya chini ya ardhi yamekuwa yakishuka mwaka baada ya mwaka, na visima huchimbwa kwenda chini zaidi. Basi asiye na maji ya hakika asipande shamba zima. Apande robo yake, ainyweshe vizuri. Robo iliyoshiba maji huzaa kuliko shamba zima lenye kiu.

Hapa mboga za kutambaa zina faida ambayo wengi hawaifikirii. Mkulima huchimba mifereji iliyoachana mita 2 au 3, na hupanda mbegu kando ya mfereji. Maji hupita katika mfereji tu. Nafasi kati ya mifereji hukaa kavu, na mmea hutambaa juu yake na kuifunika kwa majani. Hivyo hanyweshi ardhi yote, bali sehemu tu. Wakati wa mvua mimea hiyo hujengewa kichanja, matunda yasioze kwenye tope. Wakati wa kiangazi mumunye huachwa chini, na gharama ya miti na kamba huokolewa. Ingefaa pia kufunika shina kwa majani makavu ili unyevu usitoke. Lakini msimwambie atumie makapi ya ngano, maana hayo ni chakula cha nyati wake, na nyati ndiye maziwa ya watoto. Penye miwa, atumie majani makavu ya miwa.

Kuhusu mbegu nina neno. Mbegu za bamia na karela zina ganda gumu. Zilowekwe usiku mmoja kabla ya kupandwa. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilipanda bamia nyuma ya nyumba bila kuziloweka, kwa haraka tu, na katika mashimo matatu lilichipua moja. Tena bamia haioti vizuri ardhi ikiwa baridi. Anayepanda mapema sana Februari kwa kutaka bei ya kwanza, mbegu zake huweza kuozea ardhini. Kwa kuwa bamia ya kiangazi haikui sana, mistari yake husogezwa, sentimita 30 kati ya mstari na mstari, hali wakati wa mvua huachanishwa zaidi.

Na aina ya mbegu je? Huko mtasikia majina mengi yanayoanza na Pusa. Pusa ni mahali katika Bihar ambapo chuo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1905. Tetemeko la ardhi la 1934 liliharibu majengo, chuo kikahamia Delhi mwaka 1936, lakini jina lilisafiri nacho na likabaki katika mbegu. Iko karela iitwayo Pusa Do Mausami, yaani ya misimu miwili, kwa sababu yafaa kiangazi na mvua. Iko bamia iitwayo Pusa Sawani, ambayo ilipotolewa miaka mingi iliyopita ilisifiwa kwa kuvumilia ugonjwa wa mishipa ya manjano. Ugonjwa huo huenezwa na inzi weupe wadogo. Mishipa ya jani hugeuka manjano, kisha jani zima, na matunda huwa madogo, meupe na magumu. Baadaye Pusa Sawani ikashindwa nao, zikaja nyingine kama Parbhani Kranti na Arka Anamika. Hata hizo sizisemi kwamba zitasimama milele. Mkulima mwenye akili hutembea mwezi wa Mei katika mashamba ya wenzake, akatazama bamia ya nani imebaki kijani, ndipo akauliza jina la mbegu.

Ziko pia mboga za kukataa. Nyanya, kwa mfano. Mtu huona bei ya nyanya mwezi wa Juni akatamani. Lakini joto la Mei huyadondosha maua ya nyanya kabla hayajafunga tunda. Nyanya za huko hupandwa mapema, zikazaa kabla ya joto hilo. Kuipanda Aprili ni kulima majani.

Mboga za jamii ya mumunye zina maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo tupu. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Joto likizidi, madume huwa mengi na majike hupungua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi. Kazi ya kulipeleka vumbi la ua dume kwenye ua jike hufanywa na nyuki na wadudu wengine. Maua meupe ya mumunye hufunguka jioni, ya tango hufunguka asubuhi. Basi anayenyunyiza dawa ya wadudu maua yakiwa wazi anawaua wafanyakazi wake mwenyewe. Mdudu mwekundu anayetafuna miche michanga huokotwa kwa mkono asubuhi akiwa bado mzito, na majivu makavu hunyunyizwa juu ya majani. Tunda lililotobolewa na nzi wa matunda lisitupwe kando ya shamba. Lifukiwe chini sana, ama funza watakuwa nzi na kurudi.

Jambo la mwisho ni mikono. Bamia huchumwa kila baada ya siku moja. Ikiachwa siku nne huwa na nyuzi, na mnunuzi huivunja ncha kwa kidole, akaicheka. Tena manyoya yake huwasha, kwa hiyo wachumaji, na mara nyingi ni wanawake, hujifunga vitambaa mikononi na kuanza alfajiri. Nyumba yenye watu wawili, nao bado wanapura ngano, wakipanda bamia nyingi wataziona zikikomaa mbele ya macho yao. Nyumba hiyo, kwa maoni yangu, ipande dodoki na mumunye kwa wingi, na bamia mistari michache ya kula.

Haya, andikeni kazi ya wiki hii. Mkulima amevuna haradali, na shamba lake limekuwa wazi tarehe 12 Machi. Anataka kupanda karela siku hiyo hiyo, nayo huanza kuzaa baada ya siku 55. Mvua inatazamiwa tarehe 27 Juni. Je, ana siku ngapi kutoka kupanda hadi mvua, na katika hizo ngapi ni za kuchuma? Kiongozi wa darasa akusanye majibu, na yangu nitayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.