Usimrundikie mayai kuku aliyekubali kuatamia



Watu wakisikia jina la Singida, wengi hukumbuka vitu viwili: alizeti na kuku wa kienyeji. Kuku wetu husafirishwa kwenye matenga hadi Dodoma na Dar es Salaam, na hapa Unyambwa ziko nyumba ambazo daftari na sare za mtoto zimetokana na kuku. Ndiyo maana waamini walishangaa waliponiona nafuga kuku vibete. Mzee mmoja aliniuliza, "Padre, huyu ukimchinja, kitoweo kiko wapi?"

Ni swali la haki. Tetea wangu hafiki hata kilo moja. Wafugaji huwaita kuku wa aina hii bantamu, jina lililotokana na bandari ya Banten katika kisiwa cha Java, Indonesia, ambako mabaharia wa Ulaya waliwakuta kuku wadogo. Mimi siwafugi kwa ajili ya soko wala sufuria. Jioni, baada ya masifu, nakaa kwenye kigoda nawatazama wakiparua, na moyo unapumzika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inatuonya tusitumie kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza shida za watu. Kwa hiyo hawa wangu wanakula pumba, uwele kidogo na mabaki ya jikoni, na wanapata chanjo ya mdondo kama kuku wengine wa kijiji. Basi.

Lakini kuku kibete ana sifa moja kubwa: anapenda sana kuatamia. Akishaingia kiotani haondoki kirahisi. Ukimsogelea anatuna manyoya na kukudonoa mkono. Hachagui yai. Mpe la kuku mwingine, mpe la kanga, atalikumbatia kama lake. Katika nchi nyingi wafugaji humpa mayai ya ndege wasiopenda kuatamia, naye huwalelea vifaranga.

Mwaka jana tetea wangu alipoanza kuatamia, jirani aliniletea mayai ya kuku wake wa kawaida, makubwa kuliko ya kwangu. Nilitamani vifaranga wengi. Nikamwekea mayai kumi na mawili. Alijitanua, akashusha mabawa, akakaa. Nilifurahi, nikawaita hata watoto wa Utoto Mtakatifu waje waone.

Kila nilipochungulia niliona yai moja au mawili yamebaki nje ya manyoya. Sikujali. Nilidhani kama ni hasara, itakuwa ya hayo mawili tu. Siku ya ishirini na moja ilifika, ndiyo siku ya kutotoa. Walitoka vifaranga wawili. Nilingoja siku mbili zaidi, kisha nikayavunja yaliyobaki. Mengi yalikuwa na vifaranga waliokufa katika hatua mbalimbali, wengine wakiwa na manyoya tayari.

Mama mmoja mzee, mfugaji wa siku nyingi, ndiye aliyenieleza. Kuku haachi mayai yakae sehemu moja. Huyageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku. La katikati hulisogeza pembeni, la pembeni huliingiza katikati. Mayai yakiwa yanamtosha, kila moja linapata joto sawa. Yakizidi, hayapoi yale mawili peke yake. Kila yai linapata zamu yake ya kutoka nje na kupoa. Hivyo mawili ya ziada yanaweza kuharibu karibu yote.

Kisha akaniuliza, "Padre, wewe ulimpenda kuku au ulipenda vifaranga?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikuwaza kuku. Nilimwaza mama mmoja wa jumuiya yetu.

Mama huyu, ambaye sitamtaja jina, ana watoto wake wawili. Dada yake alipofariki alichukua watoto watatu wa marehemu. Hakuitisha kikao, hakulalamika. Baadaye, bibi mmoja alipofariki na kumwacha mjukuu wa darasa la tano, nilijua pa kwenda. Sikwenda kwa mwenye nyumba kubwa. Sikwenda kwa mwenye duka. Nilikwenda kwa yule ambaye nilijua hawezi kukataa. Alikubali. Jumapili iliyofuata nilimsifu mbele ya waamini wote, na kanisa zima likapiga makofi.

Miezi mitatu baadaye aliacha kuja jumuiya. Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na maneno ya kumkumbusha wajibu wake. Nilimkuta anachambua mboga, amekonda. Binti yake mkubwa hakuwa amekwenda shule wiki nzima, kwa sababu madaftari ya watu sita yalikuwa yameshindikana. Mdogo alikuwa anakohoa. Aliniwekea kigoda, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema taratibu, "Baba, kila mkija mnaniletea sifa. Sifa hazisongi ugali."

Ndugu zangu, nilikuwa nimemwekea yai la sita. Na hakupoa mtoto mmoja tu. Walikuwa wanapoa wote, kwa zamu, na yeye mwenyewe pia.

Tunamjua Yesu aliyejifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa yake (Mathayo 23:37). Tunaipenda picha hiyo, na tunaitumia kuwasifu akina mama na akina bibi wanaolea yatima. Lakini tusisahau kwamba mabawa ya Bwana hayana mwisho, na ya mama yule yana mwisho. Ukimdai binadamu upana wa mabawa ya Mungu, humpi heshima. Unamwonea.

Biblia yenyewe inalijua jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Musa anachoka. Anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu wale hata awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anayenyonya. Anafika mahali pa kuomba afe. Tazama Mungu anavyomjibu. Hamwambii kwamba imani yake ni ndogo. Hamsifu kwa uvumilivu ili aendelee peke yake. Anamwamuru akusanye wazee sabini, na roho iliyokuwa juu ya Musa inashirikishwa kwao, wabebe mzigo pamoja naye. Jibu la Mungu kwa mtu aliyelemewa lilikuwa watu wengine sabini.

Na sisi tunao. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakasisitiza ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Hawakuziweka zisali rozari na kukusanya michango ya mazishi tu. Jumuiya ni mabawa mengi yaliyokaa karibu karibu.

Nilirudi kwenye jumuiya ya mama yule nikaomba radhi, kwanza kwake, kisha kwa wote. Hatukupiga makofi. Tulihesabu. Nani atabeba madaftari ya nani? Nani atampeleka mdogo zahanati? Debe la mahindi litatoka wapi kila mwezi? Familia moja ilimwomba yule binti wa darasa la tano akae kwao siku za shule, kwa kuwa nyumba yao iko karibu na shule, na mwisho wa juma arudi kwa mama yake. Sitaki kuwadanganya kwamba yote yamekwenda vizuri. Mmoja aliahidi mahindi, akatoa mwezi mmoja akanyamaza. Tumemkumbusha, na tutamkumbusha tena. Lakini binti mkubwa amerudi darasani, na mama amerudi jumuiya.

Yule tetea wangu aliatamia tena baada ya mvua. Safari hii nilimpa mayai sita, ya kwake, na mengine nikampelekea kuku wa jirani. Yeye ametotoa vifaranga watano. Naandika haya wakichungulia mmoja mmoja chini ya manyoya yake, na hakuna aliyebaki nje.

Mpendwa msomaji, leo ukitoka kanisani utakutana na mtu ambaye kila mmoja anamtegemea. Katika ukoo yupo, katika kwaya yupo, katika jumuiya yupo. Ni yule asiyejua kusema hapana. Kabla ya kumwambia "Mungu akubariki kwa moyo wako", hesabu kwanza mayai yaliyo chini yake. Kisha chukua moja uende nalo nyumbani.

Nawatakia Dominika njema.