Karani Mgonjwa, Vidole Vizima

Msomaji wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, ananiuliza: mama yake husahau kwamba amekunywa uji, akaitisha mwingine papo hapo. Lakini mtie shambani, anachuma majani mawili na chipukizi bila kukosea. Je, anaigiza?

Haigizi. Yaelekea ni dimenshia (wanaosema “wazimu wa uzeeni” wakome), na huenda ni ile iitwayo Alzheimer.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, pana kiungo kilichojikunja ambacho Wazungu walikipa jina la farasi-bahari. Wengine huandika hipokampasi. Mimi nakiita karani. Mnajua kituo cha kuuzia chai: mnafika na vikapu, karani anapima, anaandika. Usipoandikiwa, hukuleta kitu. Alzheimer humvamia karani huyu mapema. Uji ulifika kwenye mizani, haukuandikwa. Kwa mama, haukunywewa. Kumgombeza ni kumdai risiti ambayo hakupewa. Lakini chai ya miaka ile ilishafika kiwandani: harusi yake, nyimbo za kanisani, zote ziko huko. Na vidole? Vidole havijawahi kupanga foleni kwa karani. Vina njia yao ya panya, kupitia sehemu za ndani za ubongo na kisogoni.

Ushahidi upo: mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa kutibu kifafa, sehemu kubwa ya karani ikaondolewa pande zote mbili. Baadaye mwanasaikolojia Brenda Milner akamfunza kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku tatu, mkono ukazidi kuwa hodari. Mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi ile. Nimesoma kisa hiki mara nyingi, bado hunisisimua.

Basi mpe mama kikapu. Mpe mboga za chinsaga achambue, wimbi apepete. Kikombe chake kikae pale pale kila siku. Akimuulizia marehemu mumewe, usimfishe upya. Muulize walikutana wapi. Vidole navyo huja vikachoka. Lakini hospitali ipime kwanza, kwani si kila usahaulifu ni ugonjwa huu.

Ninachohofia ni usiku. Mgonjwa wa namna hii hutoka, akapotea, akabisha mlango usio wake, akadhaniwa mchawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Leo, kabla jua halijatua, waambie majirani, mchungaji na naibu wa chifu: mama ni mgonjwa; akija kwako mpe kiti, kisha unipigie simu.