Jeni ya Selimundu Ilivyotafutwa, na Maana Yake kwa Mtoto wa Kagunga

Kijiji cha Kagunga kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mtoto wa miezi minane anayevimba vidole na kulia usiku kucha hupakiwa kwenye boti kupelekwa Kigoma mjini. Mara nyingi, kabla boti haijaondoka, lawama imekwisha kumfikia mama yake: ugonjwa umetoka ukoo wake. Lawama hiyo haina msingi, na ushahidi umo katika kromosomu ya 11.

Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kromosomu ya 11 peke yake ina herufi takribani milioni 135, ilhali jeni ya beta-globini, inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, haifiki herufi 2,000. Selimundu husababishwa na herufi moja tu ndani ya jeni hiyo: A imekuwa T. Kuipata kulihitaji ramani.

Njia ya zamani zaidi ilitegemea familia. Wakati mwili unapotengeneza yai au mbegu, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Mvuvi wa dagaa ataelewa upesi: kamba yenye mafundo ikikatwa popote, mafundo yaliyokaribiana hubaki kipande kimoja, na yaliyo mbali hutengana. Alama inayojulikana ikifuatana na ugonjwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, basi jeni inayotafutwa iko jirani nayo. Ndivyo jeni ya ugonjwa wa Huntington ilivyowekwa kwenye kromosomu ya 4 mwaka 1983. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993. Kujua mtaa si kujua nyumba.

Njia nyingine iliunganisha seli za binadamu na za panya. Seli chotara hizo hupoteza kromosomu za binadamu kidogo kidogo, na mtafiti huangalia ni kromosomu ipi ikibaki, jeni nayo hubaki. Kwa njia hiyo, mwaka 1978 beta-globini ilithibitishwa kuwa katika kromosomu ya 11.

Mwaka huohuo, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, wakifanya kazi San Francisco, walitumia kimeng'enya kinachokata vinasaba penye mpangilio maalumu wa herufi. Kwa Wamarekani weusi, jeni ya selimundu mara nyingi ilionekana kwenye kipande cha herufi zipatazo 13,000, badala ya kile cha kawaida cha 7,600. Alama ilikuwa imepatikana. Lakini walipochunguza damu kutoka Kenya, waliikuta jeni ileile kwenye kipande cha 7,600. Ugonjwa ni mmoja, majirani wa jeni ni tofauti. Alama iliyofaa kwa mgonjwa wa Marekani ingempotosha daktari wa Afrika Mashariki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wagonjwa wa huku kuombwa damu kwa ajili ya utafiti. Ramani iliyochorwa kwa damu ya watu wengine haitoshi.

Wagonjwa wa Tanzania walilitikia ombi hilo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa 1,200 wa Muhimbili. Swali lilikuwa: kwa nini baadhi yao huugua kidogo kuliko wenzao? Sehemu ya jibu ni himoglobini ya kichanga, ambayo kwa watu wengine huendelea kutengenezwa kwa wingi hata ukubwani. Hapa hapakuhitajika koo. Alama nyingi mno zilizotapakaa katika jenomu nzima zililinganishwa na kiwango cha himoglobini hiyo kwa kila mgonjwa. Vidole vilielekea kwenye jeni ya BCL11A, kromosomu ya 2, na eneo moja la kromosomu ya 6, kama ilivyokuwa imeonekana kwingineko duniani. BCL11A ndiyo inayozima himoglobini ya kichanga baada ya kuzaliwa.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoilegeza swichi hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kuitaja Kagunga bila kutaja bei hiyo ni kuwadanganya wazazi. Vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo navyo huongeza himoglobini ya kichanga, viko karibu zaidi na uwezo wao.

Lililo muhimu kwa mhudumu wa zahanati ni hili: kromosomu ya 11 ziko mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mtoto aliyerithi jeni mbili za selimundu amepewa na wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa, bila kujali wa kwanza alikuwaje. Wala mbebaji hana laana: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa wabebaji hukingwa dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hii imedumu katika nchi zenye mbu wengi.

Maneno hayo yasemwe baba akiwapo. Kisha apimwe mtoto. Vipo vipimo vya tone la damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Akibainika mgonjwa, aanzishiwe penisilini na kinga ya malaria, akamilishiwe chanjo, na wazazi waambiwe wazi kwamba homa yake haisubiri boti ya kesho.