Fahamu: Kwa nini pikipiki kubwa za Magharibi zinapata shida China

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, pikipiki ni chombo cha kazi. Pikipiki ndogo, nyingi zikiwa za China na India, hupenya katikati ya malori ya shaba na kobalti zikibeba abiria na mizigo. Dereva huuliza bei, mafuta na vipuri.

Wachina wengi nao waliizoea pikipiki kwa jicho hilohilo, na hapo ndipo Harley-Davidson ilipopata kazi ngumu. Kampuni hiyo ya Marekani ilifungua duka Beijing mwaka 2006, ikiuza anasa na raha ya safari ndefu. Lakini safari ipitie wapi? Miji mingi mikubwa imezuia au kubana pikipiki, Guangzhou tangu 2007, na barabara nyingi za mwendo kasi haziziruhusu.

Kuna ushuru wa forodha, na kodi ya asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 250. Pigo zito zaidi lilikuwa kanuni ya 2013: pikipiki ikitimiza miaka 13, ilipaswa kuondolewa barabarani. Nani angetoa fedha nyingi kwa chombo ambacho hangeweza kumwachia mwanawe?

Mwaka 2023 Harley ilileta X350, pikipiki ndogo inayoundwa na Qianjiang ya China. Ni uamuzi wa busara, ila una gharama. Washirika hujifunza: CFMoto ya China, iliyoshirikiana na KTM ya Austria, sasa inauza pikipiki yake yenyewe ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,200.